Aliyejibiwa Mgodini

Irungu aliweka kiganja kwenye ubavu wa kontena, kama alivyozoea kufanya kila asubuhi kabla ya kufungua kufuli, akakitoa upesi kama mtu aliyeshika sufuria bila kitambaa.

"Mwalimu!" aliita. "Nani aliacha jiko likiwaka jana?"

Hakuna aliyeliacha. Ilikuwa Julai, ile Julai ya Nairobi ambayo jua linakuwa habari za kusimuliwa tu, manyunyu yanaanguka tangu alfajiri na watu wa Donholm wanapita wamejikunyata ndani ya majaketi ya mtumba. Kila chuma katika uwanja ule kilikuwa baridi na kimelowa: lango, tangi la maji, hata pikipiki ya Irungu. Kontena peke yake lilikuwa kavu. Tone la mvua likiligusa lilipotea kwa mlio mdogo, tss, na hapakuwa na moshi.

Gitonga alikuja, akaligusa kwa ncha ya kidole, akakifuta kidole kwenye suruali.

"Ni jua," alisema.

"Jua gani, mwalimu? La wapi hilo?"

"Fungua mlango, Irungu. Watu hawakutoka mbali hivyo kuja kukutazama ukibishana."

Basi Irungu akafungua.

Kontena hilo ndilo walilokuwa wakiliita mgodi. Yalikuwa makontena kadhaa yaliyochomelewa yakawa moja, yakazikwa nusu ardhini na kupakwa rangi nyeusi ndani, nyuma ya godauni kuukuu. Nairobi haina mgodi, lakini watu wa migodini walitumwa pale kutoka kila pembe ya nchi ili wajifunze kazi moja: kuingia chini ya ardhi kukiwaka moto, kumtoa aliyenaswa, na kurudi wakiwa hai. Gitonga ndiye aliyepaanzisha. Alikuwa mtu wa kifua kipana na sauti ya kuongoza nyimbo, mzee wa kanisa kule Fedha, na ndiye aliyeitwa kuwa kapteni wa uokoaji migodi mikubwa ikiwaka moto. Watu walimheshimu. Wengine walikuwa hai kwa sababu yake, na hilo pia lisemwe, maana hata mkosaji ana haki yake mbele za Mungu.

Miongoni mwa wanafunzi wa mwezi ule palikuwa na mwanamke mmoja, Kavinya, mvunja mawe kutoka Mlolongo. Alikuwa mwepesi, hodari, na mwenye maswali mengi. Na tuseme ukweli, kwa sababu uongo ni uongo hata katika hadithi: Kavinya hakuja kujifunza uokoaji. Alikuja kumtafuta mtu.

Kaka yake, Muthoka, alifia katika mgodi wa dhahabu kule magharibi. Injini ya kuvuta maji ilishika moto chini, ikachoma magogo yaliyoshikilia udongo. Wenzake walitoroka kupitia shimo la zamani lililoachwa. Mmoja wao alikuja matangani, akakaa sana bila kugusa chakula, kisha akamwambia Kavinya, "Tulimvuta mkono aje nasi. Akakataa. Alisema amegonga bomba na amejibiwa, na kwamba akijibiwa mtu hukaa. Ndivyo alivyofundishwa Nairobi."

Lakini waliochunguza kifo kile waliambiwa kwamba hakuna aliyesikia kugonga, na hakuna aliyejibu. Mgodi ukazibwa kwa udongo na magunia ili moto ukose hewa. Muthoka alikuwa ndani.

Kavinya alitaka kujua jambo moja tu: nani alimjibu kaka yake?

*

Asubuhi ile somo lilikuwa la bomba.

"Bomba la hewa ndiyo simu ya mgodini," Gitonga alisema, nyundo mkononi. Bomba lilipita ukutani kuanzia mlangoni hadi mwisho wa handaki, kwenye giza. "Aliyenaswa atalitafuta bomba na jiwe. Atagonga. Wewe ukimsikia, unajibu hivi."

Ngo. Ngo. Ngo. Taratibu.

"Maana yake, Kavinya?"

"Tumekusikia. Kaa hapo ulipo. Tunakuja."

"Na hii?" Akagonga mfululizo, haraka haraka, kama mawe yakimwagwa juu ya bati.

"Hatuwezi kukufikia. Jitafutie njia."

"Vizuri. Hizo mbili usizichanganye hata ukiwa usingizini."

"Na je, mwalimu," Kavinya alisema, "mtu ajibiwe akae, halafu wasiende?"

Nyundo ilitulia hewani.

"Haitokei."

"Lakini ikitokea?"

"Dada yangu, nimesema haitokei."

Dirie, kijana mrefu kutoka machimbo ya kaskazini, akacheka. "Kavinya, wewe ulikosea njia. Korti iko Makadara."

Wote wakacheka, na Gitonga akacheka kuliko wote. Lakini Kavinya aliona kitu. Aliona ile nyundo ikiwekwa chini polepole, kwa uangalifu, kama yai.

*

Walivaa barakoa na mitungi ya hewa, wakafungwa kamba moja kiunoni, Kavinya mbele na Dirie nyuma yake na wengine wakifuata. Irungu akawasha mashine ya moshi. Kazi yao ilikuwa kutambaa hadi mwisho wa handaki na kumtoa majeruhi, ambaye alikuwa tu mtu wa magunia ya mchanga aliyevishwa ovaroli na gambuti, akalazwa kwenye machela.

Moshi wa mashine ni moshi wa bure, hauchomi, na una harufu ya utamu kidogo kama ya peremende. Kavinya alikuwa ameuzoea. Lakini siku hiyo, alipopita kona ya kwanza na taa ya kofia yake ikabaki duara jeupe lisiloonyesha chochote, alihisi joto usoni kupitia kioo cha barakoa, na pamoja na joto ile harufu, harufu ambayo haikupaswa kumfikia kwa sababu hewa aliyovuta ilitoka mtungini na si handakini, nayo ilikuwa harufu ya gambuti inayoungua, mpira na soksi na kitu kingine chini ya soksi ambacho hakutaka kukitaja hata moyoni.

Ndipo bomba likagonga.

Halikugonga kutoka mlangoni walikokuwa Gitonga na Irungu, bali kutoka mbele, kule mwisho ambako hapakuwa na kitu ila ukuta wa chuma na nyuma ya ukuta udongo wa Donholm, na halikugonga kama anavyogonga mtu mwenye hofu, bali polepole, kwa subira, pigo na kimya, pigo na kimya, kama mtu aliyekaa mahali muda mrefu na ana hakika kabisa kwamba wanaokuja wako njiani, na Kavinya, ambaye miguu yake ilimwambia rudi, alijikuta anatambaa mbele kwa sababu alimjua mtu mmoja tu duniani ambaye angeweza kungoja namna hiyo.

Kamba ikavutwa nyuma. "Nani huyo anagonga?" Dirie alinong'ona ndani ya barakoa, sauti yake ikitoka nyembamba kama ya mtoto. "Kavinya, turudi. Wallahi, turudi."

"Nyamaza."

Alinyoosha mkono akagusa machela. Ilikuwa tupu. Akasogeza taa, na pale kando, ameegemea ukuta, mtu wa magunia alikuwa ameketi. Mkono wake wa ovaroli ulikuwa juu ya bomba. Kavinya akamshika kifundo cha mkono ili amvute, akakuta ana joto, si joto la chuma wala la moto, ila lile joto la mwili wa mgonjwa aliyeshikwa na homa kali, na chini ya kitambaa mchanga ukasogea kidogo, kama misuli inavyosogea mtu akigeuka kukutazama.

Hawakumtoa. Walitoka wao, wakiangukiana, na Dirie alitapika mbele ya lango.

"Mnakimbia gunia?" Gitonga alipaza sauti. "Siku mkikuta maiti si mtazaa njiani?"

"Nani alikuwa anagonga, mwalimu?" Kavinya aliuliza akivua barakoa.

"Hakuna aliyegonga."

"Hata mimi nilisikia, buda," Irungu alisema taratibu. Hakuwa anatania, na Irungu hutania hata msibani.

"Nimesema hakuna aliyegonga!"

Maneno yale yale, Kavinya akawaza. Ndiyo maneno waliyoambiwa wachunguzi.

*

Langoni kulikuwa na Kadija, mjane wa watu, anayewauzia chai na mahamri. Wanafunzi walimwita Mama Nuha. Dirie alipomweleza, alifunika sufuria yake na kwenda mwenyewe hadi kwenye kontena. Alisimama mbali kidogo akaliangalia lilivyokauka katikati ya mvua.

"Moto una moshi," alisema kwa sauti ya chini. "Joto bila moshi, wanangu, hilo halitoki jikoni. Wenzetu wale wasioonekana waliumbwa kwa moto wa namna hiyo."

"Mama Nuha, rudi kwenye mahamri yako," Gitonga alisema.

"Narudi, baba. Lakini hiki hakikuja kwa ajili ya mahamri."

Gitonga hakulala na jambo lile. Kesho yake alileta chupa ya mafuta ya upako kutoka kanisani, akajipaka kidole akachora msalaba mlangoni. Mafuta yakakaanga. Yalichemka kwenye chuma kama kwenye kikaangio, yakaacha doa jeusi, na ndani ya kontena lililofungwa kwa kufuli bomba likagonga mara moja, kama mtu anayesema nipo.

Tangu hapo hakuna mwanafunzi aliyekubali kuingia, na wengine walirudi makwao wakabaki Kavinya na Dirie. Kundi lililotarajiwa kutoka pwani lilipiga simu kusema haliji. Irungu akatishia kuacha kazi. Mwishowe ni Gitonga mwenyewe aliyemwendea Kadija, macho yake chini.

"Yule shemeji yako wa Majengo, anayewasomea wenye majini. Anaweza kuja mchana? Kimya kimya. Mimi ni mzee wa kanisa."

"Anakuja mchana tu," Kadija alisema. "Asubuhi anatengeneza friji za watu."

*

Ustadh Fahim alikuja na kanzu chini ya koti kuukuu, vidole vikiwa bado na grisi ya friji. Hakuwa na mbwembwe. Aliomba beseni la maji, akauliza nani alikuwepo siku ya kugonga, akataka wote waingie, pamoja na Gitonga.

"Mimi nitasimama nje."

"Nje hapa hakuna ugonjwa, mzee wangu. Ingia."

Wakaingia, hata Kadija, taa moja tu ikining'inia. Ustadh alitandika msala wake wa kuswalia, akaanza kusoma Kurani, sauti ya chini isiyo na haraka, na mwanzoni palisikika tu manyunyu juu ya bati la godauni. Kisha maji ya beseni yakaanza kutoa mvuke. Ile harufu ikaja, ya mpira na soksi, na Irungu, Irungu mnene wa kicheko, akapiga magoti taratibu kama ng'ombe, akaegemea ukuta, akaweka mkono juu ya bomba.

"Nilijibiwa," alisema.

Haikuwa sauti yake. Ilikuwa kavu, ya mtu aliyekunywa vumbi.

"Kwa jina la aliyekuumba," Ustadh alisema, "wewe ni nani?"

"Mwenzake."

"Mwenzake nani?"

"Muthoka. Nilizaliwa naye. Nilikaa naye. Alitaka kwenda na wale wengine, njia ilikuwepo. Lakini alijibiwa, akakaa. Akaniambia, wanakuja."

Kavinya alishika mdomo. Kadija akamshika kiuno asianguke.

"Unataka nini hapa?"

Kichwa cha Irungu kikageuka polepole, shingo ikilia, macho yakiwa meupe, hadi kikaelekea upande mmoja tu.

"Aliyejibu."

"Mimi sijui mambo haya," Gitonga alisema. "Huyu ni Irungu. Anaigiza. Irungu, amka, nitakufuta kazi leo hii!"

Joto likapanda. Rangi nyeusi ukutani ikaanza kuvimba malengelenge.

"Mwalimu," Kavinya alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu mno. "Ni kaka yangu. Tumbo moja. Wewe ndiwe uliyemfundisha, humu humu."

"Dada, naapa kwa Biblia, hakuna aliyegonga siku ile, na hata kama aligonga, kulikuwa na watu wengi pale juu, mtu yeyote angeweza kushika nyundo, kwa nini iwe mimi, kwa nini mnaniangalia mimi..." na alipotaka kurudi nyuma kuelekea mlangoni hakuweza, kwa sababu soli za viatu vyake zilikuwa zimeanza kuyeyuka na kunata kwenye sakafu ya chuma, naye alipotazama chini na kuona ule uzi mweusi wa mpira ukivutika kati yake na sakafu, na kuvuta pumzi, akatambua kwamba ile harufu waliyokuwa wakiinusa siku zote sasa ilitoka kwenye miguu yake mwenyewe.

Akapiga kelele. Na katika kelele ile maneno yakatoka.

"Ni mimi! Ni mimi niliyejibu!"

Joto likasimama pale lilipofika, kama mtu anayesikiliza.

"Aligonga," Gitonga alisema, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni. "Nikamjibu mara tatu. Nilikusudia kwenda, Mungu anajua. Watu wote walikuwa juu pale, wake za wachimbaji, mwenye mgodi, wakashangilia waliponiona nikijibu. Kapteni amempata mtu! Kisha moshi ukabadilika rangi. Nikajua mgodi unaweza kulipuka na timu yangu yote ife. Nikaamuru uzibwe."

"Ulikuwa na ishara nyingine," Kavinya alisema.

"Ndiyo."

"Ya mfululizo. Jitafutie njia. Ungeigonga, angetoka."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuigonga?"

Gitonga alifumba macho. "Kila mtu alikuwa ananitazama. Wengine waliijua ile ishara. Ningeigonga, wangejua nimeshindwa. Nikasema, ngoja kwanza, labda nitapata njia nyingine. Nikangoja. Akagonga tena. Nikamwambia aliyeshika koleo amwage udongo."

Kadija alikuwa akilia bila sauti.

Ustadh Fahim alimgeukia Kavinya. "Binti, nisikilize. Wafu hawarudi. Huyu si ndugu yako, ni qarini wake, jini aliyezaliwa pamoja naye, na amedhulumiwa udhalimu uleule. Mimi siwezi kumtoa. Nikimlazimisha nitamhamisha tu. Mwenye damu ndiye mwenye ufunguo. Mtu huyu amekiri mbele ya mashahidi. Sema umesamehe, naye atakwenda zake na ndugu yako atapumzika."

"Niseme kwa Kiswahili?"

"Sema kwa lugha mliyokuwa mkisemezana wewe na ndugu yako. Ndiyo anayoijua."

Kavinya alipiga magoti mbele ya Irungu. Aliweka kiganja chake juu ya mkono uliokuwa juu ya bomba, na ulimchoma, na hakuutoa. Tusimhukumu upesi. Sote tunasema tumesamehe, na Mola peke yake ndiye anayeona kilichobaki chini ya ulimi. Aliinamisha kichwa, akasema maneno machache kwa Kikamba, kwa upole, kama dada anayemwamsha kaka yake.

Mkono wa Irungu ukalegea. Akaanguka ubavu na kuanza kukoroma kama mlevi. Na joto likaondoka, lote kwa mpigo mmoja. Baridi ya Julai ikaingia mlangoni, ukuta ukatoka jasho, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile matone ya mvua yalisikika yakitiririka juu ya kontena kama yanavyotiririka juu ya chuma kingine chochote.

"Alhamdulillah," Ustadh alisema, akajifuta uso. "Umesema, binti?"

"Nimesema."

Ustadh hakujua Kikamba. Kadija hakukijua, wala Dirie. Irungu, ambaye angeambulia neno hapa na pale, alikuwa anakoroma. Lakini Gitonga ni Mkikuyu, na lugha hizo mbili ni watoto wa nyumba moja. Alikuwa ameelewa kila neno.

Kavinya alikuwa amesema: *Huyu ndiye. Nenda naye. Usimmalize haraka.*

Gitonga alifungua mdomo awaambie. Akamtazama Ustadh, aliyekuwa akikunja msala wake kwa furaha, akamtazama Dirie anayecheka na kulia pamoja, akatafuta sauti yake ya kuongoza nyimbo. Haikuwepo. Koo lilikuwa kavu, kana kwamba amemeza vumbi.

"Maskini, anatetemeka," Kadija alisema. Akamletea chai ambayo ilikuwa imekaa na kupoa, kwa maana moto wake ulizimwa na mvua tangu adhuhuri. "Shika, baba. Tuliza roho. Yamekwisha."

Gitonga akapokea kikombe kwa mikono miwili. Mwanzo pakatokea povu dogo pembeni. Kisha katikati. Kisha chai yote ikaanza kutokota, taratibu, ndani ya viganja vyake.

Kavinya alikuwa akifunga begi lake. Alipita karibu naye, akasimama, akamwinamia kama mwanafunzi anayeaga kwa heshima.

"Kunywa, mwalimu," alisema. "Isije ikapoa."